Mwezi wa Kitabuni na Mwezi wa Shinyanga



Jioni ya tarehe 29 Shaaban, miaka michache iliyopita, nilikuwa Shinyanga mjini, nimesimama na watoto wa madrasa nyuma ya msikiti, sote tumeelekeza macho machweo tukiutafuta mwezi wa Ramadhani. Mbingu ya kule ni pana, na wewe msomaji wa pwani huwezi kuikisia mpaka uione kwa macho yako: hapana minazi, hapana magorofa, ni nchi tambarare mpaka jicho lichoke. Mwezi ukaonekana. Ulikuwa mwembamba kama ukucha, umelala chali kama ngalawa, umeegemea kidogo upande mmoja. Watoto wakapiga takbiri. Lakini kijana mmoja, hajatimiza miaka tisa, alinivuta kanzu akaniambia: "Maalim, huu sio. Mwezi husimama."

Nikamwuliza nani aliyemwambia hivyo. Akakimbia ndani akaniletea kitabu.

Kitabu chenyewe ni kizuri, nami nitaanza kwa kukitolea wema wake. Ni kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto habari za ardhi na mbingu. Kurasa zake ni nene, rangi zake hazichuji, na maandishi yake ni makubwa kiasi cha kusomeka na mwenye macho kama yangu. Kiliandikwa ng'ambo kwa Kiingereza, kikafasiriwa kwa Kiswahili, kikafika Shinyanga ndani ya boksi la vitabu vya sadaka. Sitakitaja jina wala mchapaji wake, kwani kosa si lake peke yake. Nimeshapitia vingine vinne au vitano vya namna hiyo, katika madrasa na katika skuli, na vyote ni ndugu wa baba mmoja. Ukurasa mmoja umeipasua dunia kama yai lililochemshwa: ganda juu, ute mweupe chini yake, kiini katikati. Nimefundisha miaka arobaini na sijapata kuona mfano uliomwingia mtoto upesi kama ule. Ukurasa mwingine unaonyesha jua upande huu na dunia upande wa pili, nusu ina mwangaza na nusu ina giza, na mtoto anayeutazama haulizi tena jua linakwenda kulala wapi. Mambo haya mimi niliyasoma kwa kukariri, bila ya picha hata moja, na nakiri kuwa mengine niliyakariri miaka kumi kabla ya kuyafahamu.

Najua wako watakaouliza: je, hizo picha zenyewe zinafaa? Katika suala la picha za vyenye roho wanazuoni wetu wana maneno marefu, na hapa si mahali pa kuyafungua upya. Lakini jua halina roho, wala mwezi, wala jiwe, wala mlima. Sahaba Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Basi kama iko elimu ambayo mzazi Mwislamu anaweza kumfungulia mwanawe kitabu cha picha bila ya wasiwasi wo wote, ni hii.

Wala tusidhani kuwa kitabu cha picha za mbinguni ni kitu kilichotufikia kwa meli ya Wazungu. Abdul-Rahman al-Sufi, aliyefariki mwaka 986, aliandika mnamo mwaka 964 kitabu chake mashuhuri cha picha za makundi ya nyota. Alikishika kitabu cha Ptolemy, Myunani wa Misri, lakini hakukifuata kama kasuku. Alizitazama nyota kwa macho yake, akasahihisha kadiri ya mwangaza wao, na kando ya makundi ya Kiyunani akaweka majina ambayo Waarabu wa majangwani walikuwa wakiziita nyota hizo hizo. Kisha kila kundi akalichora mara mbili: mara moja kama linavyoonekana na mtu aliyesimama juu ya ardhi, na mara ya pili kama linavyoonekana juu ya tufe la nyota, ambako kulia hugeuka kushoto. (Ndani yake mna sura za watu na wanyama pia, hilo tumwachie mwenyewe na Mola wake.) Taabu yote hiyo ilikuwa ya nini? Ni kwa kuwa alijua msomaji atakifunga kitabu, atatoka uani, na atainua kichwa.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa vitabu hivi vya watoto. Sikipimi kitabu kwa uzuri wa rangi zake. Nauliza mtoto atakapokifunga na kutoka nje, je, atakiona alichofundishwa? Kwa mtoto wa Shinyanga na Geita, jawabu mara nyingi ni hapana.

Turudi kwa yule kijana. Nilikichukua kitabu, nikakilaza ubavu, nikamwambia: "Utazame sasa." Mwezi wa kitabuni, uliokuwa umesimama wima, ukalala ukawa ngalawa, sawa sawa na ule uliokuwa ukizama mbele yetu. Kijana akafikiri kidogo, kisha akaniuliza: "Basi aliyeuchora alikuwa amelala?" Nikamwambia hapana, yeye alikuwa amesimama, na sisi tumesimama, ila dunia ni mviringo, na kusimama kwake siko kusimama kwetu. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta, jua letu hushuka karibu moja kwa moja chini, na mwezi mchanga hulifuata likiwa chini yake. Upande unaong'aa ni ule unaolielekea jua, basi mwezi huangaza tumboni. Katika nchi za kaskazini jua hushuka kwa mshazari, na mwezi wao huangaza ubavuni. Maelezo haya yote yangaliweza kuandikwa kwa mistari miwili chini ya picha ile. Mfasiri hakuiandika. Naye ni mtu wa Afrika Mashariki, kila mwezi anauona umelala, na kila mwezi picha ile imesimama juu ya meza yake. Alifasiri maneno, mwezi akauacha ulaya.

Ukurasa unaofuata unamfundisha mtoto kuijua kaskazini kwa nyota ya Jaa. Shinyanga iko kusini mwa ikweta kwa digrii zinazokaribia nne, na Geita kwa digrii kama tatu. Jaa huko haionekani. Imo chini ya upeo wa macho usiku na mchana, mwaka mzima. Manahodha wetu walilijua hili bila ya kitabu cha rangi. Ahmad bin Majid, katika karne ya 15, aliandika jinsi ya kupima kimo cha Jaa kwa vidole, na kila chombo kilipozidi kuja kusini Jaa ilizidi kushuka, mpaka mabaharia wakashika nyota nyingine. Mtoto wa Shinyanga anayeambiwa aitafute Jaa atachagua nyota yo yote aipendayo, ataipa jina hilo, na kaskazini yake itakuwa popote. Wakati huo huo Msalaba wa Kusini uko upande wa pili wa mbingu yake, unang'aa, na kitabu hakina neno juu yake.

Majira manne nayapita upesi. Theluji, maua, joto, majani yanayopukutika: mtoto wa nchi ya pamba na mtama anayasoma kama hadithi za peponi. Yeye anajua mvua na kiangazi, na anajua njaa ya kiangazi kikirefuka. Kuna jambo moja tu ambalo kitabu kingaliweza kumpa na hakikumpa. Karibu na katikati ya mwezi wa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wake hasa, na fimbo iliyosimikwa wima hukosa kivuli. Watoto wa London hawawezi kuliona jambo hilo kwao hata wakeshe mwaka. Sisi tunalo bure, na hatulionyeshi.

Na kwa kuwa nimetaja adhuhuri, nikueleze kisa cha redio. Nilimkuta mzee mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Kahama kwa biashara ya nguo, ambaye kwa Ramadhani kadhaa alikuwa akifuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam. Jua la Shinyanga na Kahama huchwa baada ya lile la Dar es Salaam kwa dakika zipatazo 24 au zaidi, huzidi na kupungua kidogo kwa majira. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne, na kutoka pwani hadi kule ni digrii kama sita. Mzee yule alikuwa akifuturu mchana, naye anajiona yuko pamoja na jamaa zake. Nilipomweleza alishika kichwa. Ukimchukua mtoto wake wa darasa la tatu ukamwonyesha ule ukurasa wa nusu mwangaza na nusu giza, kisha ukatia alama moja Dar es Salaam na alama ya pili Kahama, angalimwokoa babake na kulipa siku zile zote. Picha ilikuwamo nyumbani mwao. Watoto walikuwa nayo. Alama mbili ndizo zilizokosekana.

Sasa nije kwenye majina, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwani ni shamba nililolelewa ndani yake. Aliyesoma falaki hata kwa uchache anajua kuwa sayari zinazoonekana kwa jicho ni tano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Majina haya yamo katika Kiswahili tangu zamani. Waliyatumia mabaharia, na wapiga ramli pia, ambao hatuwasifu, lakini angalau nyota walizijua. Katika baadhi ya vitabu vya skuli na mabango yanayotundikwa darasani nimekuta Sumbula, Sarateni na Kausi zimepangwa katika safu ya sayari. Sumbula ni suke, Sarateni ni kaa, Kausi ni upinde. Haya ni majina ya buruji, zile sehemu za mbingu ambazo jua hupita katika mwaka wake, wala hazijapata kuwa sayari hata siku moja. Ni kama kumwambia mtoto kwamba vituo vya treni ni mabehewa. Na Utaridi, iliyo karibu na jua kuliko zote, nimeikuta imepelekwa mwisho kabisa wa safu, mahali pa Pluto, ambayo nayo wataalamu wa nyota walikutana Prague mwaka 2006 wakaiondoa katika hesabu, sayari zikabaki 8.

Utaridi ilipohamishwa, mahali pake pakatiwa jina Zebaki. Naona ilivyokuwa. Kiingereza kina neno moja kwa sayari ile na kwa yale madini yanayomiminika kama maji, na aliyekuwa akifasiri alifungua kamusi akachukua neno la kwanza aliloliona.

Huku pwani zebaki ni neno la kamusi tu. Geita ni kitu cha uani. Mchimbaji mdogo huponda jiwe lake kwa karasha, huuweka unga wake katika karai na maji, hutia zebaki akakoroga kwa mkono mtupu, na zebaki ikazikusanya chembe za dhahabu. Kisha donge lile huliunguza juu ya moto, mara nyingi pale pale wanapopikia, zebaki ikaondoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke ule huingia mapafuni, huharibu fahamu na mafigo, na mtoto huumia nao kuliko mtu mzima, na mtoto aliye tumboni kuliko wote. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, Geita na Shinyanga zikiwamo, na kuishika zebaki kwa mikono yao.

Nilikuwa Katoro, katika mkoa huo wa Geita, nikiwaonyesha watoto ukurasa wa sayari. Zebaki imechorwa pale kama tufe la fedha, linang'aa, zuri kuliko zote. Binti mmoja akaniuliza: "Maalim, na huko juu wanaosha dhahabu?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwani kwa alichofundishwa swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Nilimweleza kuwa jina ni kosa, kwamba ile ni Utaridi na ni jiwe kavu lililounguzwa na jua. Kisha nikamwuliza yeye zebaki aliiona wapi. Akanieleza kwa furaha kwamba huiweka kiganjani ikabingirika, inachekesha, haishikiki. Kitabu chenye kurasa za rangi kimempa jina la sumu kuwa jina la nyota nzuri, na hakimwambii po pote kuwa ile iliyomo kichupani mwa kaka yake inaua. Sisemi kuwa mfasiri alikusudia. Nasema kuwa angalipita Geita siku moja tu kabla ya kulichagua neno, asingalilichagua.

Hayo ni ya mbinguni. Upande wa ardhi nao una mapungufu yake, na pengine ni makubwa zaidi, kwani mtoto wa machimboni anaishi ndani ya somo lenyewe. Kitabu chetu kimechora volkeno ya nchi ya mbali, moto juu na theluji mabegani. Hakisemi kuwa Mwadui, mwendo mfupi wa gari kutoka Shinyanga mjini, pana mdomo wa volkeno ya kale wenye ukubwa wa hekta 146 hivi, miongoni mwa mikubwa ya namna yake duniani, na kwamba almasi ambazo John Williamson wa Kanada alizigundua hapo mwaka 1940 zilipandishwa na mlipuko kutoka kina kinachozidi kilomita 100. Kimechora mawe ya aina tatu, kila moja katika kisanduku chake. Hakina mwamba wa Geita, ambao umri wake unazidi miaka milioni 2,500, wala ule mshipa wa jiwe jeupe ambao kila mtoto wa kule anaujua kwa kuwa ndio babake anaoufuata chini ya ardhi. Maji ya moto yalipita katika nyufa za mwamba zamani hizo, yakaacha jiwe jeupe na chembe za dhahabu ndani yake. Ni picha moja tu: ufa, maji, mshipa. Na ukurasa wa pili ungaliweza kuonyesha mbingu, kwani tarehe 17 Agosti 2017 wataalamu walizipata habari za nyota mbili za nyutroni zilizogongana mbali kabisa na sisi, na katika mwangaza wake wakaona dalili za kuundwa kwa madini mazito ya jamii ya dhahabu. Wanasema sehemu ya dhahabu iliyomo ardhini ilianzia katika migongano kama ile, kabla ya dunia yetu kuwapo. Mtoto wa Nyarugusu akiona kurasa hizo mbili zimekabiliana hatazisahau. Ardhi na mbingu ni somo moja, na mahali pa kulifundishia ni pale pale alipo.

Pengine utaniona nazidisha, ndugu msomaji, na kwamba vitabu vya watoto havistahiki hasira ya mzee. Basi nikukumbushe jambo ambalo ulimi unaona uzito kulitaja. Kuanzia mwaka 2007 hivi, nchi ya Kanda ya Ziwa ilitangazwa duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Waganga waliwaambia wachimbaji na wavuvi kuwa kiungo cha mtu huyo huvuta mali: ukikizika shimoni dhahabu hukujia. Wakauawa watu wazima na watoto, na wengine wakakatwa mikono wangali hai. Sisemi kuwa ukurasa wa picha ungalilizuia panga. Tamaa ndiyo iliyolishika, na aliyelishika ana hisabu yake. Lakini uwongo hupita penye nafasi tupu. Mchimbaji anashuka duara mita nyingi chini, mwenziwe hatua tano pembeni anapata na yeye hapati, miezi sita, mwaka; anajiuliza kwa nini. Mganga ana jibu. Sisi tuliosoma tulimpa jibu gani alipokuwa na miaka minane?

Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua likapatwa siku ile ile, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Maneno yale yalikuwa ya kumtukuza, na angaliweza kuyanyamazia. Hakuyanyamazia, aliwaambia waliokuwapo kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu. Siku ya tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likawa kama pete na watu wakasafiri mpaka Rujewa mkoani Mbeya kulitazama, nilikisimulia kisa hiki msikitini baada ya sala. Kijana mmoja mchimbaji akaniuliza kama dhahabu nayo ni hivyo hivyo, haimjui mtu. Nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo. Alikaa kimya muda mrefu.

Iko pia habari ya maduara yenyewe. Mwaka 2015, huko Nyangalata katika wilaya ya Kahama, duara liliporomoka na wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Tulimshukuru Mungu, na magazeti yaliandika sana. Lakini kwa nini kuta huporomoka? Kwa nini huporomoka zaidi baada ya mvua, wakati udongo wa juu uliooza umekunywa maji na kuwa mzito? Matimba husaidia nini na hayasaidii nini? Hili ni somo la ardhi kama lilivyo somo la volkeno, na mtoto anayelihitaji yumo darasani sasa hivi. Ardhi ya vitabu hivi haiporomoki kamwe. Imekatwa kama keki, tabaka juu ya tabaka, kila moja na rangi yake, na hapana mtu aliyesimama chini yake.

Nitaambiwa: vitabu ni ghali, na cha kupewa hakichaguliwi. Ni kweli. Kwa hiyo sisemi tuvikatae. Navitumia mimi mwenyewe. Nasema tusivitie mikononi mwa watoto kama vilivyo. Nyinyi wa Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu mnaowapelekea jamaa zenu wa bara vitabu hivi kwa mabasi, na nawajua ni wengi, kaeni navyo usiku mmoja kwanza. Mtafute mtu anayejua falaki, hata mzee mmoja wa chomboni, asahihishe majina kwa kalamu. Penye Sumbula na aandike Mushtarii. Penye Zebaki na aandike Utaridi, na pembeni aongeze kuwa zebaki ya kichupani ni sumu na haichezewi. Chini ya mwezi aandike: kilaze kitabu. Anayefasiri naye, akiwa anasoma haya, namwomba kabla ya kupeleka kazi yake kwa mchapaji aisome mara moja uani, jioni, kwa sauti, mbele ya mtoto, na mtoto aruhusiwe kuuliza.

Kuna kosa moja la mwisho ambalo sitalilaumu, kwani karatasi haiwezi kulikwepa. Kila kitabu huziweka sayari pamoja kama machungwa sinani, jua kando yao kubwa kidogo kama dafu. Mtoto hukua akidhani mbingu ni sinia. Dawa yake niliipata Shinyanga, nchi ya dengu. Tulichora ukutani kwa chaki duara yenye upana wa mita 1 na sentimita 9: hilo ni jua. Kwa kipimo hicho dunia ni punje moja ya dengu yenye upana wa sentimita moja, na mwezi ni punje ya uwele, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye dengu. Tukaihesabu njia kutoka ukutani, mita 117, tukavuka uwanja, tukapita kisima, tukafika mpaka penye duka la jirani, na hapo ndipo nilipowaambia: iwekeni dunia chini. Yule kijana wa mwezi ndiye aliyeiweka. Akageuka akalitazama jua letu la chaki, nalo kwa mbali lilionekana na upana ule ule wa jua la kweli lililokuwa juu yetu, akaanza kuniuliza kama na jua letu nalo lina moto. Kabla sijamjibu kuku wa muuza duka akaja akaidonoa dunia. Watoto walicheka mpaka somo likavunjika, na muuza duka akatoka na kiganja cha dengu akatupa dunia nyingine.